Aliyekuwa Juu ya Mnazi

Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, katika daftari la darasa la gumbaru, ambako sisi watu wazima tunafunzwa kusoma na kuandika baada ya swala ya alasiri. Mkono wangu wa kulia hautaki kalamu. Namwandikia mtu mmoja nisiyemjua: yule aliyeumia kichwa, jeraha likafunga, watu wakasema amepona, na yeye akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni kila anayemletea chakula. Na kama wewe ndiye unayempelekea hicho chakula, soma pia. Huenda ukaacha kumwona mgonjwa wako kuwa mtu mwovu.

Ila usiniamini upesi. Mengi nitakayoyasema nimesimuliwa tu, na mtu anayesimuliwa maisha yake mwenyewe hana budi kumkazia macho msimulizi.

Naitwa Mesaumu, yaani mama yake Saumu, kwa kuwa kwetu Wadigo mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Kijiji chetu kiko karibu na Msambweni. Mume wangu alifariki Saumu akiwa mdogo, nami nikamlea kwa kusuka makuti. Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru mahoteli yalikuwa yanajengwa Diani, na wenyewe walitaka mapaa ya makuti kama ya nyumba zetu, ila makubwa kuliko ya msikiti. Tulisuka mpaka vidole vikaota sugu. Saumu alipoposwa na Bakari, kijana mkwezi wa minazi, sikuwa na neno. Mkwezi ni mtu wa maana kwetu, kwani nazi haziteremki zenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nikisema wakati huo.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka mlangoni tu. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, jua kali, mchanga unachoma nyayo. Nilichukua panga na kamba, nikamwambia Saumu, aliyekuwa amekuja kunijulia hali, kwamba naenda shambani kukusanya makuti makavu. Nikavuka kizingiti. Hapo pamekatika. Kipande kinachofuata ni dari jeupe na sauti ya mwanamke anayekohoa.

Nilikuwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko, katika wodi ya wanawake. Saumu alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Aliniambia kwamba nazi ilinipiga kichwani, ikanipata upande, na kwamba ile ilikuwa siku yangu ya sita pale. Ingekupata utosini, alisema dresa, yule msaidizi wa daktari, tungekuwa tunakusomea hitima.

Nywele zilikuwa zimenyolewa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka, nikaubinya vidole na kumwuliza Saumu ni wa nani. Nilitaka maji, kinywa kikasema mlango. Nilimwona mwanangu akigeuka kufuta machozi, na badala ya kumhurumia nilijiuliza, huyu anaficha nini?

Lakini kilichoniharibia moyo hasa ni pua. Uji uliletwa, nao haukuwa na harufu. Nikaletewa chai ya tangawizi kutoka nyumbani, nikaona ni maji ya moto tu. Sabuni, dawa za wodi, samaki wa kupaka aliopika Saumu akavuka nao kivuko asubuhi na mapema, vyote vilikuwa kitu kimoja puani na mdomoni, kama kutafuna karatasi. Hakuna aliyenionya kwamba pua huweza kufa mtu akiwa hai. Nami nikashika sababu iliyokuwa karibu: chakula hiki kimetiwa kitu. Nililisukuma bakuli likaanguka, mchuzi ukamwagikia leso ya mwanangu. Alipangusa sakafu bila kusema neno, na ukimya wake nikauhesabu kuwa ushahidi.

Kitanda cha pili alilala Kadzo, mama wa Kiduruma kutoka Taru, aliyevunjwa mguu na ng'ombe wake mwenyewe. Aliniona ninavyochungulia uji wangu, akacheka.

"Unaogopa kulishwa sumu, dada?"

"Siogopi. Naangalia tu."

"Nipe nionje mimi. Nikifa, utajua. Nisipokufa, utakula."

Tangu siku hiyo kila chakula changu kilipita kwa Kadzo kwanza. Alionja kwa bidii, akionja tena na tena mpaka nusu ya bakuli, kisha akanirudishia. Nilimshukuru sana. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba mama wa watu alikuwa na njaa, kwa kuwa jamaa zake walikuwa mbali. Hata hivyo nilikula kwa ajili yake, na pasipo yeye sijui kama ningeondoka pale hai.

Nikaanza kuuliza. Nani alikuwa juu ya mnazi?

Saumu alitazama sakafu. "Bakari, Mama."

Sasa elewa jambo moja. Mkwezi, kabla hajaangusha nazi, hupiga ukelele. Hata mtoto wa kutambaa anaujua ukelele huo. Kila aliye chini husimama au hukimbia, na mkwezi haangushi mpaka ameona pako wazi. Kwa hiyo nilimwuliza tena mwanangu: mumeo alipiga ukelele?

"Sijui, Mama. Sikuwako."

"Hujamwuliza?"

"Mama, pumzika."

Nani anayemwambia mtu apumzike ila anayetaka maswali yaishe? Na nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mwezi mmoja kabla ya kuumia kwangu, Bakari alituma wazee kuniomba niwaruhusu yeye na Saumu wahamie Diani, akafanye kazi ya bustani hotelini. Nilikataa. Saumu ni mtoto wangu wa pekee. Nilisema mbele ya wazee wale, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, kwamba watahama nitakapokwisha kufa. Haikupita muda, nazi ikanishukia kichwani kutoka kwenye mnazi aliokuwa juu yake yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Tena hakuja kunitazama. Ni kweli kwetu mtu na mama mkwe wake wana heshima kubwa. Hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Lakini wakwe wa wagonjwa wengine walifika, wakasimama mlangoni wametupa mgongo, wakatoa salamu zao wakaenda. Wangu hata kivuli chake sikukiona.

Nilirudishwa nyumbani masika yalipokuwa yanafungua. Saumu alihamia kwangu ili aniuguze, akaacha nyumba yake. Alinilisha kwa mkono wake, kwa kuwa mkono wangu wa kulia ulikuwa haufiki kinywani, na wa kushoto, nani asiyejua, una kazi yake nyingine. Mtu mzima kulishwa matonge na mtoto aliyemzaa ni jambo la kukuvunja. Nilikuwa natazama kila tonge kwanza. Yeye hungoja, mkono umeinuliwa, mpaka nimemaliza kutazama.

Bakari alikuwa analeta vitu: madafu, mkungu wa ndizi, mara moja pweza mkavu. Aliviacha nje ya ua na kuondoka. Mimi nilikuwa na kuku mmoja wa kienyeji, jike, mwenye kidonda mguuni. Kila kilicholetwa nilimpa yeye kwanza, nikakaa kibarazani nikimtazama hadi jua linapozama, nione kama atalegea. Kuku yule alinenepa, kidonda kikapona, akaanza kutaga. Badala ya kutulia, nikasema moyoni kwamba sumu hii lazima ni ya polepole.

Cheka, mimi mwenyewe siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka. Mtu mwenye shaka halali, na asiyelala kichwa chake hakiponi. Kila nilipoingia chumbani Saumu alikuwa anaacha kuzungumza na kaka yangu Omari, ambaye kwetu ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Walikuwa wananong'ona. Nikitokea, Omari huuliza habari za mvua. Mvua ilikuwa inanyesha mbele ya macho yetu sote, ya nini kuuliza?

Kila baada ya miezi miwili tulivuka kivuko kwenda kuonyeshwa kichwa. Benchi la hospitali lilikuwa la saruji, na mtu aliyewahi tu ndiye aliyepata pa kuegemea ukuta. Niliyahesabu matibabu yangu kwa jinsi nilivyofika pale: safari ya kwanza nilibebwa kitini, ya pili nikaenda nimeshikwa huku na huku, ya tatu kwa fimbo na Saumu. Daktari alikuwa Mhindi mwenye sauti ndogo. Alikuwa anasema maneno mengi, akichora kwa kidole hewani, kisha dresa ananigeukia na kusema, "Anasema utapona."

"Hayo yote ni utapona tu?"

"Ndiyo, mama."

Nilimkazia macho. Dresa akakohoa, akamwuliza daktari tena, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pua huenda isirudi, na mkono utarudi kwa kiasi, na hasira na wasiwasi ni katika ugonjwa wenyewe. Mara ile moja shaka yangu ilinifaa. Nilirudi nyumbani nikijua ukweli kuhusu pua, lakini lile la wasiwasi nililitupa njiani. Wasiwasi wangu mimi ulikuwa na jina la baba na mama, uliitwa Bakari.

Kusi ikaja, kwa baridi yake. Nilijifunza kushika kijiko kwa kushoto, na mke wa imamu akaniambia Mungu haangalii mkono, anaangalia njaa. Maneno yakaanza kurudi kinywani, isipokuwa nikikasirika. Kidogo kidogo nikaweza kushika ukuti kwa mkono mgonjwa na kuusuka kwa mzima, kazi ya hovyo, yenye matundu, ambayo hakuna hoteli ingeipokea. Niliwaficha watu makuti hayo. Na jambo jingine nililisikia: Bakari hakupanda mnazi tena tangu siku ile. Alikuwa akifanya vibarua mashambani. Mkwezi kijana, mwenye miguu mizima, ameogopa nini mtini kama dhamiri yake ni safi?

Vuli ilipoanza kupiga paa, nilimwita kaka Omari.

"Namtaka mwanangu arudi," nikasema. "Ndoa hii ivunjwe."

"Mesaumu, Saumu yuko hapa nawe mwezi wa nane. Anarudi mara ngapi?"

"Arudi kabisa. Siwezi kumwacha kwa mtu aliyetaka kuniua."

Omari alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alinisihi niliache neno hilo, akanisihi kwa jina la mama yetu. Kadiri alivyosihi ndivyo nilivyozidi kuona kwamba naye amo. Nikamwambia kama haitishi kikao, nitakiitisha mimi kwa mdomo wangu huu mbovu, sokoni.

Walikaa Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kwenda kuoga kwa ajili ya swala. Omari aliketi mkekani, Saumu mlangoni, mimi kitandani. Bakari hakuingia. Alikaa nje ya ua, amegeuza mgongo, mimi nikaona tu kitambaa cha shati lake kwenye mwanya wa makuti. Ndivyo ada ilivyotaka, asiseme nami moja kwa moja.

"Mjomba," akaanza. "Mjomba, nakuomba umfikishie mkwe. Siku ile nilikuwa juu, nimejifunga winda tu, kama tunavyopanda. Kole moja la nazi nilikuwa nimelikata nusu. Nikamwona mkwe anakuja, ameshaingia chini ya mnazi wangu. Nikasema nikipiga ukelele atainua macho, ataniona nilivyo. Uso wangu nitauweka wapi? Nikajibana kwenye makuti. Nikanyamaza, nikiomba apite salama. Goti langu likaligusa lile kole."



Mnielewe, wasomaji msio wa kwetu. Mkwezi akiwa juu na winda lake, kitambaa cha kupitisha mapajani tu, aliye chini humwona kama alivyozaliwa. Na aliye chini akiwa ni mama mkwe wako, hakuna aibu iliyobaki duniani ya kuzidi hiyo. Mimi mwenyewe, kama ningejua yuko juu, nisingepita pale hata kwa dhahabu. Kijana alikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili, akachagua heshima yangu kuliko kichwa changu. Alikosea. Lakini ni kosa ambalo tulimfundisha sisi.

Haya nayasema leo. Siku ile nilisema, "Mbona hakusema miezi yote hii?"

Omari akajibu yeye. "Kwa sababu kuna zaidi. Nani alikutoa shambani, Mesaumu?"

"Mlisema watu."

"Watu gani? Shamba lilikuwa tupu. Bakari aliteremka akakubeba mgongoni, na winda lake lile lile, wewe huna ushungi, nguo zimelowa damu. Amekubeba hadi barabarani. Mkwe wako. Tukakubaliana jambo hili lisitoke, wala lisikufikie wewe. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, dada yangu. Sisi tulichutama kwa ajili yako."

Uso uliniwaka moto. Niliona haya, haya ya kweli, kama msichana. Kisha haya ikageuka hasira, na hasira ikarudi kwenye shaka, kwa kuwa ndiyo njia iliyoizoea. Watu watatu, miezi minane, hadithi moja iliyosukwa vizuri.

"Mmepanga," nikasema.

Saumu aliinuka pale mlangoni. Sijapata kumsikia akiongea nami hivyo, wala sijasikia tena.

"Miezi minane nimelala chini kando ya kitanda chako, Mama. Mume wangu anajipikia mwenyewe, watu wanamcheka. Nimekulisha huku ukinitazama kama mwizi. Ukiniamuru niachike, nitaachika, wewe ni mama yangu. Lakini usiniombe nikae nawe nikicheka."

Nje ya ua nilisikia Bakari anaondoka, hatua za mtu asiyejua aendako. Nilimwambia Omari anipe mpaka Ijumaa ya pili.

Barabarani, pale mabasi yanaposimama, kulikuwa na Bi Nuru anayekaanga mihogo. Kama hadithi ile ilikuwa kweli, basi macho yake lazima yaliiona. Jumanne Saumu alipokwenda kisimani, nilichukua fimbo nikatoka peke yangu. Njia ile zamani niliikata kabla sufuria ya maji haijachemka. Siku hiyo iliniwia nchi nzima. Nilipumzika mara nne, mara ya mwisho nimekaa kwenye mavumbi, mguu wa kulia unatetemeka, na mbuzi wa watu akinishangaa. Nilitaka kurudi. Kilichonisukuma mbele si ushujaa, ni kutowaamini watu.

"Mwanangu wee!" Bi Nuru alipiga kelele akaacha karai. "Umekuja kwa miguu?"

Aliniketisha kwenye kibao chake. Sikumwambia nilichosikia, nisije nikamtia maneno kinywani. Nilimwuliza tu, siku ile aliona nini.

"Nimekatazwa kusema."

"Na nani?"

"Na kakako Omari."

"Basi kakangu ameshakufungulia," nikamwambia. Mungu anisamehe uongo huo.

Bi Nuru alipangusa mikono. "Alitoka pale," akaonyesha vichaka, "wewe mgongoni, damu imemtiririka mpaka kiunoni, winda limelegea. Analia kwa sauti, mwanamume mzima. Anasema, nisamehe mkwe wangu, nisamehe mkwe wangu, na wewe husikii. Watu wa stendi waligeuza nyuso. Mimi nikamtupia leso yangu ajisitiri." Akatikisa kichwa. "Akakufunika wewe. Yeye akasimama hivyo hivyo, mbele za watu, mpaka likatokea lori la mbao."

Alinipa kipande cha muhogo. Nilikitia kinywani, hakina harufu, hakina ladha, nami nikalia hapo hapo kando ya barabara, wanafunzi wakipita na kunitazama. Nililia kwa ajili ya kijana yule aliyesimama uchi stendi ili mimi nisionekane. Nikamlilia na Saumu na mkono wake ulioinuliwa ukingoja niridhike na tonge.

Sasa, wewe niliyekuandikia, utapenda kusikia kwamba siku hiyo nilipona. Sikupona. Usiku ule ule niliamka nikiwaza, je, Bi Nuru naye amehongwa? Kwa mihogo mingapi? Ugonjwa wangu ndivyo ulivyo, hautoki kwa kuonyeshwa ushahidi. Nilichojifunza ni kuutoa nje. Siku hizi nikiamka nao nasema waziwazi, "Saumu, leo nakushuku." Naye hujibu, "Nimefanya nini leo?" Nikimwambia, mara nyingine nayasikia maneno yangu mwenyewe jinsi yalivyo ya kijinga, mara nyingine sisikii, lakini walau hatununiani. Ukinyamaza nayo, yatazaana. Na wewe unayeuguza, usinong'one. Hata kama unamsitiri, mwambie. Miezi minane ya wema wao iliniumiza sawasawa na ile nazi.

Pua haijarudi, nami nimeacha kuingoja. Napika kwa kukumbuka, na Saumu ndiye anayeonja chumvi. Mkono umerudi nusu. Makuti yangu yenye matundu siyafichi tena, tunafunikia banda la kuku. Nimeshukuru kwa vitu ambavyo zamani sikuvihesabu, kama kukohoa kwa Kadzo, ambako kulinionyesha kwamba chumbani mna mtu hai.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Nilimwambia Omari ndoa ibaki, na kama wanataka kuhamia Diani, waende nami ningali hai. Tena nikamwambia, "Mwambie Bakari aje aangue nazi zangu. Zimekauka mtini, zinajiangukia."

"Hapandi tena, Mesaumu."

"Mwambie ni mimi nimesema. Na akiniona chini, apige ukelele."

Omari alishtuka. "Ampigie kelele mama mkwe wake kutoka mtini? Watu watasema nini?"

"Waseme. Mimi nimeshabebwa mgongoni."

Bakari alikuja Jumamosi, kaskazi nyingine ikiwa inaanza. Alikuwa amevaa suruali ndefu ya kaki, miguu yote imefungwa kamba chini, kitu ambacho mkwezi hajapata kuvaa tangu minazi ilipoota Kwale, na wanawake wa jirani walikuja wakiziba vinywa. Alipanda taratibu sana. Nilikuwa nimeketi mbali, kando ya njia. Nilimwona anafika kileleni, nikasikia panga lake.

Sitakudanganya. Sikuingia chini ya mnazi ule kwa kusahau. Niliinuka, nikaishika fimbo, nikaenda mpaka pale nikasimama, kwa sababu nilitaka kujua. Saumu aliniita, sikugeuka. Juu, panga likanyamaza. Makuti yakatulia. Kimya kile kikaendelea, na kila pumzi yake ilinirudisha nyuma mpaka siku ile. Moyo ukaniambia, haya, leo tumejua.

"Mama!"

Sauti ilikatika, ikaja tena kwa nguvu, mpaka ng'ambo ya shamba.

"Mama! Ondoka hapo, Mama! Rudi nyuma!"

Hakusema mkwe. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema astaghfirullah. Niligeuka, nikaanza kurudi, hatua kwa hatua, mguu wangu mbovu ukiburura mchanga. Aliningoja. Nilipofika njiani nikaegemea fimbo, akaita tena, taratibu safari hii.

"Umefika?"

"Nimefika, mwanangu."

Ndipo akaangusha.